Jibu: Kitabu cha ufunguzi na mechi za injini za chesi

Habari za Kondele, ndugu. Umeuliza kwa nini Stockfish na Leela, injini (yaani programu za kompyuta zinazocheza chesi), zilitoka sare karibu kila mechi kwenye laptopu yako, kisha ukabadilisha kitabu cha ufunguzi (orodha ya hatua za mwanzo ambazo injini huanza nazo) na ushindi ukaanza kuonekana.

Kitabu kina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Injini kali zikianza na ubao wa kawaida hazikosei kiasi cha kupoteza, kwa hiyo sare hujaa. Ndiyo maana TCEC, mashindano ya injini za chesi, huchagua ufunguzi wenye kuegemea upande mmoja, halafu kila injini hucheza mara mbili: mara na weupe, mara na weusi. Hapo ndipo haki ilipo. Tuseme umeanza na e4 e5 f4 (mweupe asogeza askari wa mbele ya mfalme, mweusi ajibu vivyo hivyo, kisha mweupe asogeza askari wa pembeni yake): mweupe amemlegeza mfalme wake mapema. Injini itakayojinusuru na weupe, kisha ikashinda na weusi, imeonyesha ubora wa kweli. Ukicheza mara moja tu, umepima ufunguzi, hujapima injini.

Kumbuka pia mwaka 2017, AlphaZero, programu ya DeepMind, ilipoishinda Stockfish (toleo la 8) mechi 28 na kutoka sare 72. Stockfish haikupewa kitabu, na watu walilalamika sana, nami naona walikuwa na hoja.

Tumia kitabu chenye mistari (mifuatano ya hatua) mingi tofauti, la sivyo mechi zitajirudia. Na laptopu ichomeke kwenye stima. Ikitumia betri, kasi hushuka. Sisi hapa Nakuru hukagua hilo kwanza.