Monita inayowaka na kuzimika

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa nakala huku Nkuhungu, Dodoma. Monita yangu ya inchi 19, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika, huonyesha picha kwa sekunde mbili hivi, kisha kioo huwa cheusi ingawa kitaa cha kitufe kinaendelea kuwaka. Fundi ameniambia kwamba kioo kimekufa. Je, naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, usiitupe kabla ya kuimulika. Iwashe ikiwa imeunganishwa na kompyuta, ngoja kioo kiwe cheusi, kisha chumba kikiwa na giza ukimulike kwa tochi ya simu kutoka upande, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima, na kilichoshindwa ni taa zilizo nyuma yake au sehemu inayozipatia umeme. Natarajia utakuta hivyo, kwa sababu monita za zamani zenye taa za mirija zimewekewa kinga inayokata umeme wa taa hizo mara inapohisi hitilafu, na ndiyo maana picha huonekana kwa muda mfupi tu.

Wa kushukiwa kwanza ni kapasita, yaani vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, kwenye bodi ya umeme. Zina majimaji ndani ambayo joto huyakausha taratibu, na vumbi letu la kiangazi likiziba matundu ya hewa, joto huzidi. Kapasita iliyoharibika huvimba juu badala ya kuwa bapa, na pengine huvuja na kuacha ukoko wa kahawia. Nunua yenye maikrofaradi (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) zilezile, volti zilezile au zaidi kidogo, na iliyoandikwa nyuzi joto 105. Ya nyuzi 85 ikatae hata ukipunguziwa bei. Unapoilehemu, kumbuka kwamba mguu wa upande wenye mstari ni hasi.

Hata hivyo, usifungue chochote kabla ya kuelewa hatari yake. Kapasita kubwa kuliko zote, iliyoandikwa volti 400 au 450, hubeba takribani volti 325 zitokanazo na umeme wetu wa volti 230, na huweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Chomoa, subiri, kisha upime miguu yake kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, bila kuigusa kwa mkono. Kuikutanisha miguu hiyo kwa bisibisi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, hurusha cheche na huweza kuua bodi nzima. Kama huna multimita, mpelekee fundi redio anayeaminika, na umweleze ulichokiona kwa tochi.

Kapasita zote zikiwa bapa, haimaanishi kwamba ni nzima, lakini huenda taa zenyewe au transfoma inayozipatia umeme ndiyo imekufa. Hapo mimi ningenunua monita nyingine iliyotumika, kwa kuwa kubadilisha taa kunahitaji kufungua kioo chenyewe, nacho huvunjika upesi. Na tochi isipoonyesha picha yoyote, jaribu kwanza kebo nyingine na kompyuta nyingine.