Famasi au maabara? Niulizeni mie nlochagua kwa kubahatisha

Kila majibu ya fomu siksi yakitoka simu yangu hailali. Mtoto wa fulani kapata PCB nzuri, yaani fizikia, kemia na bayolojia, lakini udaktari anaogopa hatoupata, sasa ajaze famasi au sayansi ya maabara, na mzazi anataka jibu leo leo kabla maombi hayajafungwa. Mie ni mfamasia, kwetu Pemba, nimesoma Dar, na mtoto wa mamdogo tulomaliza nae skuli mwaka mmoja ni mtu wa maabara, kwa hivyo haya ninayosema nusu yangu nusu yake.

Kwanza niseme ukweli, famasi sikuichagua kwa kuipenda. Nliandika udaktari namba moja kama kila mtu, famasi nikaiweka ya pili kwa sababu bamkubwa alisema mfamasia hafi njaa, akikosa serikalini anafungua duka lake, na maabara nikaijaza ya tatu basi tu fomu isibaki tupu. Nikapata ya pili. Mwaka wa kwanza nikala sapu, mtihani wa kurudia, ya kemia ogani, maana nlikwenda nikidhani famasi ni kukariri majina ya dawa na kusoma ule mwandiko wa madaktari, kumbe kemia ndo nyumba yenyewe, hayo majina ni mapazia tu. Wenzangu wamepanda boti wamerudi kufunga Ramadhani kwao mie niko hosteli nachora pete za benzini, bumu, zile pesa za mkopo wa chuo, lishakwisha zamani. Kwa hivyo kama kemia ulipasi kwa kusukumana nayo, famasi ni miaka minne ya kusukumana nayo tena, na mwaka mmoja wa intaneshipu juu yake, jipime.

Sasa tofauti yenyewe. Chukua kichocho, sie wa visiwani hakuna asiyekijua. Mtoto kaoga mtoni, anakojoa damu. Mtu wa maabara ndo anayejua kuwa mkojo mzuri wa kupima ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka mengi saa hizo, anachukua mililita 10 anachuja, anakaa kwenye hadubini anatafuta yai lenye mwiba mkiani na akiliona haishii hapo, anayahesabu. Yule mtoto mwenyewe pengine hamuoni kabisa, anaona kikopo kina namba. Jibu likishatoka ndo zamu yangu mie: prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 30 anahitaji 1200, kidonge kina 600, mpe viwili. Rahisi eh? Lakini kala kitu? Maana dawa ile chungu na tumbo tupu ataitapika. Yuko kwenye dawa za TB? Maana rifampisini, moja ya dawa hizo, inaikata nguvu prazikwanteli mpaka inakuwa kama hajanywa. Na kopo lenyewe linaisha muda lini, na liliwekwa wapi hili joto lote, na mama mtu yuko dirishani ana mwengine mgongoni anataka kuwahi gari ya Micheweni na nyuma yake foleni inanung'unika.

Ndo hapo. Ugonjwa mmoja, nusu mbili, wewe inayokuvuta ni ipi? Binamu yangu yule anaweza kukaa na hadubini asubuhi nzima ukimsemesha hakujibu, na furaha yake ni kukipata kitu ambacho wenzake wamekipita. Mie ningekuwa nshakimbia. Mie napenda watu, hata wakinigombeza.

Na anayekwambia maabara Pemba haina pa kwenda mwambie afike Wawi, pale ipo maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na minyoo na kichocho ndo mambo yao. Wawi hiyo hiyo kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na hapo ndo famasi iliponirudisha moyo, maana tulipofika somo la dawa za mimea mwalimu akapitisha kichupa darasani tunuse, wenzangu wa bara wanasema kinanuka kwa daktari wa meno, mie nasikia jamvi la karafuu uani kwetu. Yujenoli, ndo kemikali inayotoa harufu ile. Baba kachuma miaka yote ile jina hilo halijui.

Habari ya duka, bamkubwa alisema nusu. Duka linataka mtaji, linataka leseni, na dawa si khanga, tarehe ikifika unaitoa rafuni unahesabu hasara. Maabara nako kuna sindano na damu za watu, kwa hivyo ukipata nafasi chanja homa ya ini B dozi zote tatu kabla ya kwenda mafunzoni, usisubiri ukumbushwe.

Jengine, msidanganyike na majina. Kuna shahada nje huko, Uingereza kwa mfano, zinaitwa sayansi ya tiba na mzazi anatangaza mtaa mzima mwanangu anasomea udaktari, ile shahada peke yake haimpi mtu leseni ya kutibu. Na usiingie famasi wala maabara kwa hesabu kwamba mbele utarukia udaktari, wengi nlowaona na hesabu hiyo walikaa darasani mwili tu.

Mwaka jana alinijia binti wa jirani hapa Wete na swali hili hili. Nikamwambia nenda asubuhi moja ukae maabara ya spitali, asubuhi ya pili ukae dirisha la dawa, omba ruhusa watakukubalia, kisha njoo. Akaja. Anasema vikopo vya mkojo havikumshughulisha hata kidogo, lakini pale dirishani wale watu walimuumiza kichwa. Kajaza maabara namba moja. Mama yake, aliyekuwa anataka duka, mpaka leo salamu yangu anaitikia kwa mbali.