Oili Nzito, Oili Nyepesi na Ulaji wa Mafuta

SWALI: Gari langu ni la petroli, na kitabu chake cha mwongozo kinaelekeza oili ya injini ya 5W-30. Fundi wangu hunitilia 20W-50 kwa maelezo kwamba oili nzito hulinda injini zaidi, ilhali rafiki yangu ananihimiza nitumie 0W-20 ili gari lipunguze ulaji wa mafuta. Nimfuate yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, fuata kitabu. Kila mmoja wa washauri wako ameshika sehemu moja ya ukweli na kuiacha nyingine.

Rafiki yako hakosei anaposema kwamba oili nyepesi hupunguza ulaji. Sehemu ya nguvu inayotokana na petroli hupotea ndani ya injini yenyewe, katika kuisukuma oili kwa pampu na kuikata (yaani kuiburuza kati ya vyuma viwili vinavyopishana) kati ya beringi na krenki, mhimili mkuu unaozunguka, na kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Kadiri oili inavyokuwa nzito, ndivyo upotevu huo unavyoongezeka, hasa dakika za kwanza baada ya kuwasha gari, kabla injini haijapata moto. Kwa sababu hiyo, mwenye safari fupi fupi huathirika zaidi kuliko anayeendesha masafa marefu bila kuzima.

Hata hivyo, faida yenyewe ni ndogo. Kutumia daraja la oili (kama 5W-30) lililoelekezwa badala ya lililo zito kidogo kwa kawaida huokoa asilimia 1 hadi 2 ya mafuta, yaani nusu lita hadi lita moja katika tangi la lita 50. Kiasi hicho ni halisi, lakini hutakibaini kwa kujaza tangi mara moja, kwa kuwa msongamano wa magari, mzigo na upepo wa matairi hubadilisha ulaji zaidi ya hapo.

Sasa tazama namba hizo. Iliyo mbele ya herufi W huonyesha oili inavyotiririka katika baridi, na ya mwisho huonyesha mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Kiwango cha SAE J300, kinachopanga madaraja haya ya oili, huipima pia kwa nyuzi 150 ikiwa inakatwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi: hapo oili ya daraja la 20 (namba ya mwisho) hairuhusiwi kushuka chini ya milipaskali-sekunde 2.6 (kipimo cha mnato), na ya daraja la 30 chini ya 2.9. Tofauti hiyo huathiri unene wa utando wa oili unaozuia chuma kugusa chuma. Injini iliyosanifiwa kwa 0W-20 ina beringi na pampu zinazoendana na utando mwembamba. Yako huenda haina, na beringi ikilika hakuna akiba ya petroli itakayolipa gharama yake. Usiitumie 0W-20 isipokuwa kitabu kimeitaja miongoni mwa zinazoruhusiwa.

Kwa upande wa fundi wako, ulinzi hautokani na uzito peke yake. Oili ya 20W-50 huchelewa kufika sehemu za juu za injini inapowashwa ikiwa baridi, na katika injini zinazobadili muda wa valvu kwa msukumo wa oili, mnato uliozidi huchelewesha mfumo huo. Mwombe kwa heshima arudi kwenye 5W-30. Ikiwa alichagua nzito kwa kuwa injini imechakaa na inakula oili, basi akueleze wazi, maana hilo ni tatizo la kutafutiwa chanzo.

SWALI: Je, kuongeza oili kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili kuna madhara?

JIBU: Yapo. Krenki inaweza kuipiga oili hiyo ikizunguka, nayo ikatoa povu, ikapoteza uwezo wa kulainisha, tena ikaizuia injini kuzunguka kwa wepesi, hivyo ulaji ukapanda. Pima gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, na kilichozidi kipunguzwe.