Duka la mtandaoni: nipange au nijenge langu?

Swali: Dada, nauza vitenge Kariakoo, wateja wote wako WhatsApp. Nichukue Shopify au WooCommerce?

Jibu: Mdogo wangu, Shopify ni huduma ya maduka ya mtandaoni, ni kama kupanga fremu, unalipa dola kila mwezi, ulinzi wanashughulika wao, ila Shopify Payments, mfumo wao wenyewe wa kupokea malipo, haipo Tanzania kwa hiyo ukiunganisha malipo mengine wanakata asilimia yao kila ukiuza. WooCommerce ni programu ya kujenga duka lako mwenyewe kwenye tovuti ya WordPress, ni bure ila hosting (mahali tovuti inapokaa) unalipa na bekapu (nakala za akiba) ni juu yako, mi nilishawahi kuapdeti plagini (programu ndogo ya nyongeza) usiku ukurasa wa malipo ukagoma mpaka asubuhi, oda zikapotea, niliumia sana. Kama huna fundi wa kumpigia saa tano usiku anza na Shopify, ila kila Ijumaa shusha orodha ya bidhaa na wateja uitunze kwako.