Si zote zilizopondwa

Hapana mkuu, unaposema wahakiki waliziponda filamu zote za kutisha za Kijapani zilizorudiwa Hollywood, unaionea The Ring. Ile ya 2002, ya Gore Verbinski, iliyotokana na Ringu ya Hideo Nakata (1998), wengi waliisifu: ile rangi ya kijani iliyopooza, mvua isiyokatika, na Naomi Watts aliyeibeba filamu mabegani. Mhakiki Roger Ebert hakuridhika, akaipa nyota mbili kati ya nne, ila alikuwa upande wa wachache. Iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani, na ndipo studio zikaanza kugombania hadithi za Japani.

The Grudge (2004) iligawa watu, ingawa Takashi Shimizu aliirudia filamu yake mwenyewe na ikarekodiwa hukohuko Japani. Walilalamika hadithi imekatikakatika. Mimi naitetea; ile sauti ya kukwaruza kooni tu inatosha kukunyima usingizi.

Ila One Missed Call ya 2008, iliyoambulia asilimia 0 Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki? Hiyo iponde tu, nitakusaidia.