Laki moja na nusu zinatosha kuijaribu tovuti?

SWALI: Tunauza khanga mtandaoni. Tuna shilingi 150,000 za kuijaribu tovuti yetu kwa watumiaji. Zitatosha? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Zinatosha. Tafuta wanunuzi watano wa khanga, si jamaa zako (hao watakusifia tu), na wa sita wa kujaribia kwanza maagizo utakayowapa hao watano. Kila mmoja mpe 20,000. Zinazobaki ni za bando. Atumie simu yake mwenyewe, dakika 30. Usimwambie "bonyeza kikapu", maana umeshampa jibu. Mwambie: "Nunua doti mbili, ziletwe Kihonda." Kisha nyamaza. Akikwama, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Wakishapita watatu, rekebisha kilichowakwamisha wote, ndipo uwaite wawili waliobaki.