Maswali ya Gereji: Mvuke wa Petroli na Taa Isiyotaka Kuzima

Maswali ya safari hii karibu yote yanagusa kitu kimoja: mvuke wa petroli. Kwa asiyeufahamu mfumo wake, petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na jua la Mwanza likipiga bati mchana kutwa ndiyo usiseme. Mvuke huo hauachwi utoke nje. Hupita kwenye paipu hadi kwenye kanista, kopo la plastiki lililojaa punje za mkaa maalumu, na kunaswa humo. Injini ikishapata moto, valvu ndogo iliyo karibu nayo hufunguka na kuuvuta mvuke ukaungue. Hiyo nitaiita valvu ya kunyonyea. Upande mwingine wa kanista kuna valvu ya hewa, inayoingiza hewa ya nje kujaza nafasi. Ongeza mfuniko wa tenki, na kwenye baadhi ya magari sensa ya presha, mfumo umekamilika.

Shikamoo fundi. Taa ya cheki injini imewaka kwenye RAV4 yangu. Fundi amepima kwa mashine akapata P0455, anasema kanista imekufa ninunue nyingine. Nimwamini? (Mwalimu, Igoma)

Marahaba, mwalimu. Bado usitoe hela.

P0455 inasema kuna uvujaji mkubwa wa mvuke. Haisemi unavujia wapi. Mashine haikutaja kanista, aliyeitaja ni fundi. Muulize swali moja tu: umeijaribu vipi? Akikujibu "mashine imeonyesha", mshukuru na uondoke.

Anza na mfuniko wa tenki. Ufungue, uangalie ule mpira wa duara. Ukiwa umekauka, umechanika au umelala upande mmoja, hewa inapita. Pangusa na mdomo wa tenki wenyewe, maana vumbi la barabara zetu hukaa pale pale mpira unapokalia. Ufunge mpaka ulie ta-ta-ta. Kama mfuniko uliopo ulitoka gari lingine, hilo peke yake ni sababu ya kutosha, kwa kuwa iko mifuniko ya magari ya zamani yenye tundu la kupumulia ambayo inaingia vizuri kabisa na bado inavujisha kwa makusudi. Na kuna wale wanaoweka kipande cha mfuko wa plastiki chini ya mfuniko ili ubane. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini kwenye matenki ya magari bado naikuta.

Mfuniko ukiwa mzima, pita chini ya gari na tochi. Fuata paipu kutoka tenkini hadi kwenye kanista, halafu hadi mbele kwenye injini. Uvujaji mkubwa mara nyingi unaonekana kwa macho: mpira umechomoka, umepasuka kwenye kona, au haukurudishwa baada ya kazi nyingine. Je, kuna mtu aliyeshusha tenki au kubadilisha pampu ya mafuta hivi karibuni? Kama yupo, tazama juu ya tenki kabla ya kwingine kote. Oringi ya pampu, yaani mpira wa duara unaoziba pampu isivujishe, ikirudishwa ile ile ya zamani, au ikikaa imejikunja, unapata P0455 safi kabisa.

Kanista ni ya mwisho kushukiwa. Inakufa, ndiyo, ila si kwa sababu tu taa imewaka.

Natumia IST kwa teksi. Nikijaza mafuta nikitaka kuwasha, inazungusha tu haishiki. Nikingoja kidogo inashika kwa tabu, inatetemeka, kisha inakaa sawa. Nimebadilisha plagi na pampu. Sheli wanauza mafuta mabaya? (Dereva, Buzuruga)

Kaka, mafuta mabaya yangekusumbua mpaka tenki liishe. Yako inasumbua dakika chache tu baada ya kujaza. Hiyo ni alama ya valvu ya kunyonyea iliyokwama ikiwa wazi.

Ukijaza mafuta, petroli inayoingia inasukuma mvuke wote uliokuwa tenkini uende kwenye kanista. Valvu ikiwa nzima, mvuke unaishia hapo. Ikiwa imekwama wazi, unapitiliza hadi kwenye injini, nayo inapokea petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Ndiyo maana haishiki. Leo ikikutokea, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku unazungusha starta. Magari mengi ya sindano, yaani yasiyotumia kabureta, yakikuta pedali imelala kabisa hukata petroli na kuachia hewa, injini inajisafisha. Ikishika tu, achia.

Kuipima ni rahisi. Itafute karibu na manifoldi ya kuingizia hewa: kidude cha plastiki chenye mipira miwili na plagi ya umeme. Chomoa plagi hiyo, washa injini, toa mpira unaotoka upande wa kanista, ziba tundu la valvu kwa kidole. Bila umeme, valvu hii inatakiwa iwe imefunga. Ukisikia kidole kinavutwa, valvu imekwisha. Njia nyingine ni kuifungua kabisa na kuipuliza: bila umeme hewa isipite, ukiipa volti 12 ilie "ta" na hewa ipite. Kwa kuwa injini ilinguruma plagi ikiwa imechomolewa, huenda taa ikawaka; utaizima kwa mashine.

Sasa kabla hujafunga mpya, igonge ile ya zamani juu ya karatasi nyeupe. Punje nyeusi zikidondoka, ni mkaa wa kanista. Kanista imepasuka ndani, inatema punje, na punje hizo ndizo zilizoizuia valvu isifunge. Ukibadilisha valvu peke yake utarudi gereji kwa tatizo lile lile.

Na kanista inapasukaje? Ndugu yangu, hapa ninyi madereva wa teksi mna kesi ya kujibu. Bunduki ya sheli ikishakata, tenki limejaa. Lakini mnamwambia mhudumu "jazia ifike elfu themanini kamili", naye anabonyeza tena na tena. Petroli ya maji inapanda kwenye njia ya mvuke na kuulowesha mkaa uliotengenezwa kunasa mvuke tu. Bunduki ikikata mara ya kwanza, lipa hizo hizo zilizosoma.

Injini ya mtumbwi wangu ni ya kufunga nyuma, tenki la kubeba. Nikitoka mwaloni inakimbia vizuri, nikifika mbali inazimika kama imekosa mafuta, na tenki limejaa. (Mvuvi, Ukerewe)

Angalia skrubu ndogo ya hewa juu ya mfuniko wa tenki. Hufungwa wakati wa kubeba ili mafuta yasimwagike, hufunguliwa wakati wa kwenda. Ikibaki imefungwa, mafuta yanatoka na hewa haiingii, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Siku nyingine ikizima, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na injini ikawaka, umepata jibu. Kama skrubu ilikuwa wazi, tundu lake limeziba kwa kutu au magamba ya samaki. Bodaboda nao wanasumbuliwa na jambo hili hili kwenye mifuniko yao.

Fundi, mbona taa yangu mjini haiwaki, nikisafiri kwenda Dodoma inawaka? Inaandika P0442. Nikifuta inakaa wiki mbili kimya. (Mfanyabiashara, Kirumba)

Mjini unaweka mafuta ya shilingi ngapi?

Nauliza kwa sababu kompyuta ya gari haipimi uvujaji wakati wowote inapotaka. Inasubiri masharti yake: injini iwe imelala ikapoa, hali ya hewa isiwe ya baridi kali wala joto kali, na mafuta yawe katikati. Kwa magari mengi ni kati ya asilimia 15 na 85 ya tenki. Anayeishi kwa mafuta ya elfu kumi kumi, mshale unashinda chini kabisa, kipimo hakifanyiki na taa haina cha kusema. Ukijaza kwa ajili ya safari, ukalala njiani, asubuhi gari limepoa na mafuta yako nusu. Kipimo kinafanyika. Tundu lilikuwepo tangu Mwanza.

P0442 ni tundu dogo, la kama milimita moja hivi. Hupati kwa macho, unahitaji moshi au presha ndogo, nitaeleza chini. Kama hakuna harufu ya petroli, safiri bila wasiwasi, injini haitadhurika. Tatizo ni kwamba taa ikishakaa imewaka huwezi kujua siku itakapokuwa na jambo kubwa la kukuambia.

Ndugu yangu ameniletea Toyota iliyotumika Marekani. Usiku mlinzi anasikia kitu kinanguruma nyuma ya gari, funguo ziko ndani kwangu. Kitaharibu betri? (Bwiru)

Hakiharibu. Ni pampu ndogo iliyo kwenye kanista. Toyota nyingi za soko lile zinasubiri muda wa kama saa tano baada ya kuzimwa, petroli ikiwa imetulia, kisha zinavuta hewa kidogo kwenye mfumo na kutazama kama presha inashikilia. Inachukua dakika chache.

Wamarekani wana ukali wao katika hili. California ilidai kanista kwenye magari ya 1970, nchi nzima ikafuata mwaka uliofuata, na tangu miaka ya mwisho ya 1990 gari lenyewe linalazimika kujitafutia matundu, baadaye hata la nusu milimita. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoendesha wengi hapa, yana kanista na valvu ya kunyonyea lakini hayana kipimo hicho cha uvujaji. Kwa hiyo kimya cha taa kwenye Noah au Vitz si ushahidi kwamba mfumo ni mzima.

Noah yangu inanuka petroli ndani, hasa nikijaza. Kwenye kivuko abiria walilalamika. Taa haijawaka. (Sengerema)

Mzee, hili lisisubiri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki juu ukaenda zake. Unatulia sakafuni, na kwenye kivuko unatulia kati ya magari, mahali mtu anapowasha sigara. Harufu ikizidi tenki likiwa limejaa, mshukiwa wa kwanza ni juu ya tenki: oringi ya pampu, mipira ya mvuke, na paipu ya kujazia. Fundi afungue kifuniko cha kufikia pampu anuse na kupapasa kama kuna unyevu. Kazi ifanyike nje penye upepo, betri imekatwa, mbali na jiko la mama lishe na mbali na shimo la gereji. Na asiwepo mtu wa kuchomelea jirani.

Mwangaluka fundi! Nimejitengenezea mashine ya moshi kwa kopo, mafuta ya watoto na waya wa moto, naisukuma na kompresa ya matairi. Naweza kuitumia kutafuta uvujaji wa tenki? (Fundi kijana, Mabatini)

Mwangaluka, mdogo wangu. Ubunifu wako naupenda, ila usiipeleke kwenye tenki.

Unachofanya ni kusukuma hewa mpya ndani ya chombo chenye mvuke wa petroli, kupitia waya unaowaka. Mvuke ukizidi sana hauwaki, hewa ikizidi sana hauwaki. Wewe unautafutia kipimo cha katikati, na kiberiti umekiweka tayari. Itumie kwenye manifoldi na sailensa. Kwa tenki, tumia mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ukiisukuma na naitrojeni au kabonidayoksaidi. Naitrojeni wanayo baadhi ya wajaza matairi.

Presha isizidi psi 1. Tairi unalipa 30, tenki la plastiki na sensa yake havikutengenezwa kwa hiyo. Bila regyuleta nzuri ya kupunguza presha, acha.

Kosa la pili naliona kila mara: mtu anaingiza moshi, unatoka chini nyuma, anashangilia "hapa panavuja!" Pale ni valvu ya hewa, ambayo bila umeme huwa wazi. Ifunge kwanza kwa mashine ya kupimia, au ubane mpira wake. Kisha gawa mfumo: bana paipu katikati ya kanista na injini. Moshi ukiendelea kupotea, tundu liko nyuma. Ukitulia, liko mbele. Huna mashine ya moshi? Gesi hiyo hiyo ya presha ndogo na povu la sabuni kwenye maungio vinatosha, ila uvumilivu unahitajika.

Fundi alitoa kanista akaziba paipu kwa bolti ili taa isisumbue. Sasa nikifungua mfuniko wa tenki hewa inavutwa kwa nguvu, na gari linakosa nguvu likipandisha Bugando. (Mkuyuni)

Amelinyima tenki pumzi. Mlio mdogo ukifungua mfuniko ni wa kawaida. Huu wako ni mnyonyo: pampu inatoa mafuta, hewa haiingii, mwishowe pampu inachoka na tenki linabonyea. Mwaka 2011 Mazda waliita gereji maelfu ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini kwa sababu buibui walijenga utando kwenye paipu ya hewa, na hofu ilikuwa hiyo hiyo, tenki kupasuka kwa mnyonyo. Kama utando unatosha, fikiria bolti.

Itolewe leo. Tafuta kanista nzima ya gari la aina yako, hata ya mtumba, ila itikise kwanza: ikilia kama kayamba, iache dukani. Ikiwa nzito isivyo kawaida na inanuka petroli mbichi, iache pia. Wakati wa kuifunga, paipu ya hewa ielekezwe juu, mbali na tope la gurudumu la nyuma, na kichujio chake kirudishwe.